Karai Langu na Mikono ya Athieno

Kwanza epueni hilo karai, ndipo tuongee. Mafuta yanatoa moshi nanyi mnanitazama mimi. Mafuta yakianza kutoa moshi yameungua, hata kama kwa macho ni safi, na samaki mtakayemtia humo atakuwa na uchungu wa kukaa kooni mpaka jioni. Haya, yameepuliwa? Sogezeni viti. Mimi nimekaanga samaki na chapati hapa Busia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sasa nimestaafu. Mnacheka nini? Kwani kustaafu ni kwa watu wa ofisi peke yao? Nilimwachia mwanangu Wandera na mkewe kibanda, nikajifunga leso, nikaenda nyumbani. Huko ndiko kustaafu.

Jina langu ni Taaka, ingawa hapa mpakani kila mtu ananiita Mama Wandera. Kibanda chetu mnakijua, kile kinachotazamana na yadi ambako malori yanasubiri karatasi zao. Nitawaambia mambo ya karai, kwa sababu nyinyi ndio mnaokaanga sasa. Na nitawaambia juu ya Athieno, mwenzangu aliyekuwa akisukuma chapati, na jinsi mikono yake ilivyoharibika. Sehemu ya kosa hilo ni yangu. Nasema mapema ili msije mkadhani nimekuja kujisifu tu. Kujisifu nitajisifu pia, lakini hilo litakuja.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Ajiambo, mwanamke wa Lunyo, mwembamba, mkali, asiyependa kurudia neno. Siku yangu ya kwanza nilichukua ngege mzima anayechuruzika maji nikamtupa kwenye mafuta ya moto. Lo! Mafuta yaliruka mpaka kwenye nguzo za kibanda. Kovu ninalo hapa chini ya kiwiko, tazameni. Mama Ajiambo hata hakunipa pole. Alisema, "Samaki ametoka ziwani. Nani amekutuma umlete pamoja na ziwa?" Tangu siku hiyo samaki wangu wote niliwafuta kwa kitambaa, nikawapaka chumvi, nikawaacha wakauke upepo ndipo waingie motoni. Samaki mkavu hanywi mafuta mengi. Hilo lishikeni, litawafaa.

Kupima moto alinifundisha kwa kipande cha unga kama punje ya hindi. Kikizama na kukaa chini, mafuta bado. Kikiruka juu na kuwa cheusi hapohapo, umechelewa. Kikizama, kikafikiri kidogo, kisha kikapanda na mapovu madogo pembeni, mtie samaki. "Kikafikiri kidogo," hayo ni maneno yake mwenyewe. Nami nimewaambia watu wengi hivyo na hakuna aliyeuliza unga unafikirije, kila mtu ameelewa.

Lakini Mama Ajiambo alinifundisha pia jambo moja lililokuwa baya, na hakujua kuwa ni baya, na mimi sikujua. Nilipomaliza kujifunza nikataka kufungua karai langu mwenyewe, alinipa kopo la mafuta. Si mafuta mapya. Mafuta meusi, mazito, ya karai lake yeye. Hapa mpakani wakaangaji wa zamani wote tulifanya hivyo: mwalimu anamgawia mwanafunzi mafuta yake ya zamani, na mwanafunzi anaanzia hapo. Tuliyaita mafuta mama. Hayamwagwi. Yakipungua, unaongezea mapya juu yake, kesho tena, mwaka ujao tena. Tuliamini ladha yote imekaa humo, na mkaangaji anayeanza na mafuta matupu ya dukani tulimwona kama mtu asiye na kwao. Yale yangu niliyalea miaka na miaka. Haki ya Mungu, niliyaangalia kuliko nilivyomwangalia Wandera. Yalikuwa meusi kama chai isiyo na maziwa, na yalipopoa asubuhi yaliganda kama mshumaa, kwa sababu nilikuwa nikiongezea yale mafuta ya kuganda ya kopo, ambayo yalipatikana kwa urahisi pande zote mbili za mpaka. Madereva walisifu. "Mama Wandera, samaki wako ana kitu!" Kitu alikuwa nacho kweli.

Sasa Athieno. Alikuja kwangu akitafuta kazi, msichana wa Sop Sop aliyeolewa hukohuko, mwenye maneno machache na mabega mapana. Alipanga chumba upande wa Uganda, na kila baada ya siku kadhaa alikwenda kwake kuangalia mtama na watoto. Nilimuuliza, "Unajua nini?" Akasema, "Mimi najua chapati." Nikampa kibao, unga na kifimbo cha kusukumia. Mama yangu! Yule mwanamke aligusa donge mara nne, tano, na chapati ikatandaa duara, nyembamba sawasawa pande zote, hata ungeweka sahani juu yake usingeona ukingo ukitokeza. Nikamwambia aanze leo leo.

Mimi sikuwahi kujua kusukuma chapati. Chapati zangu zilikuwa na kona, nyingine zilikuwa na mkia. Dereva mmoja wa lori la saruji aliwahi kuinua moja juu akauliza kama ni ramani ya Uganda, na ziwa liko upande gani. Kwa hiyo tuligawana: Athieno anasukuma, mimi nakaanga. Tulikaa hivyo miaka mingi mpaka watu wakawa hawatutaji mmoja mmoja. Tulikula pamoja, tulizikiana wazazi. Mimi nilizungumza, yeye alisikiliza. Mtu mmoja tu kati yetu ndiye aliyekuwa akipumzisha mdomo.

Haya, sasa magoti yangu. Mkaangaji anakula nini? Anakula kile kilichobaki. Mkia wa samaki uliokatika, chapati iliyopoa, viazi vilivyoiva kupita kiasi. Nami nilikula kwa bidii. Nikanenepa, na sikatai, nilipendeza. Lakini ikafika mahali nikichuchumaa kuwasha jiko siinuki mpaka Athieno anivute. Magoti yalilia kama mlango usiotiwa mafuta. Watu wakasema ni baridi yabisi. Mama Ajiambo, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana, alisema ni kwa sababu nilinawa maji baridi mikono ikiwa na joto la karai, baridi ikapanda mpaka mifupani. Nikamuuliza, baridi iliyoingia mikononi inafanya nini magotini? Akanifukuza.

Athieno naye alikuwa na shida yake. Yake ilikuwa vidoleni, mikono yote miwili sawasawa. Akiamka asubuhi vidole vimevimba na vimekakamaa, hafungi ngumi. Alikuwa akikumbatia kikombe cha chai ya moto kwa muda mrefu kabla hajaweza kushika kifimbo. Mchana vinalegea, kesho tena vilevile. Basi siku moja tulifunga kibanda, tukapanda gari mpaka Tororo, kwenye kliniki moja ambako kulikuwa na muuguzi aliyesifika kwa mambo ya viungo. Ni Mteso, mrefu, anaitwa sista Apolot. Tuliingia pamoja kwa sababu tulifanya kila kitu pamoja.

Mimi alinipima uzito, akayakunjakunja magoti yangu, akauliza, "Mama, unakula nini?"

"Ninachokaanga."

"Unakaangia nini?"

Nikamweleza mafuta mama, kwa fahari kabisa, tangu Mama Ajiambo. Sista alifunika uso kwa daftari akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akaacha kucheka. Alisema yale mafuta yanayochomwa tena na tena yanaharibika na kujaa vitu ambavyo mwili hauvitaki. Akasema mafuta ya kiwandani yaliyogeuzwa yakawa magumu yanadhuru moyo na mishipa, na yanaweza hata kuchochea uvimbe mwilini. Mafuta ya maji ni afadhali, na si mengi. Omena na samaki wengine wana mafuta ya aina nyingine, ambayo kwa baadhi ya watu yanapunguza uvimbe wa viungo kidogo, ila nisiwakaange kila siku, niwachemshe na nyanya. Simsim na karanga kwenye mboga ni vizuri. Nikamuuliza yapi ni bora kuliko yote. Akasema wataalamu wenyewe bado wanabishana juu ya baadhi ya mafuta, asije akanidanganya. Lakini kwa magoti yangu, akasema, la kwanza ni huo mzigo ninaoubeba. Nilidhani anasema juu ya kikapu. Alikuwa anasema juu yangu.

Athieno alitolewa damu, akarudi mara ya pili, na mara hiyo akapewa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, na tarehe za kurudi kupimwa. Sista alimweleza kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nje wakati huo nikitafuta ndizi. Yaani maneno yaliyokuwa na maana kuliko yote niliyakosa kwa sababu ya ndizi.

Nilirudi Busia mtu mpya. Asubuhi iliyofuata niliyamwaga mafuta mama kwenye shimo la taka nyuma ya kibanda. Majirani walikuja kutazama, na mkaangaji mmoja akanishika mkono kama mfiwa. Nililia kweli, sikatai. Kisha nikanunua mafuta ya maji, mapya, nikawa nayachuja kila jioni kuondoa makombo, kwa maana makombo ndiyo yanayoungua kwanza. Yakianza kuwa na povu lisilotulia, au yakinata kama gundi kwenye ukingo wa karai, au yakinuka hata kabla ya moto, niliyatoa. Madereva walinung'unika wiki mbili. Yule wa saruji alisema samaki wangu amekuwa wa wodini. Lakini alimla.

Mimi mwenyewe nikaacha kula mikia. Nikawa natembea kwa miguu kutoka nyumbani badala ya kupanda boda. Nikala omena wa kuchemsha mpaka Wandera akauliza kama tumepatwa na msiba. Baada ya msimu mmoja na nusu hivi, nilichuchumaa kuwasha jiko nikainuka mwenyewe. Nilisimama katikati ya kibanda nikapiga kigelegele. Athieno alipiga makofi, polepole, kwa viganja, kwa sababu vidole vilimuuma.

Hapo ndipo nilipoharibika mdomo. Wanangu, mtu akipona anakuwa hatari. Nilianza kuwaambia wateja. Dereva akishuka kwenye lori ameshika kiuno, nilimwambia juu ya simsim. Mama akipita anachechemea, nilimwita. Baadhi yao walirudi kusema wamepata nafuu, na mimi nilikumbuka hao tu, wasiorudi sikuwakumbuka. Wakaanza kuniita Daktari wa Karai. Kwa nje nilikataa jina hilo. Moyoni nililipenda sana.

Vidonge vya Athieno vilimchafua tumbo. Siku anayomeza na siku inayofuata, hali kitu, anatema mate, uso umepauka. Nilimwonea huruma, na hilo ni kweli, Mungu ni shahidi wangu. Siku moja alikuwa ameketi kwenye ndoo akishika tumbo, unga unamsubiri, nikamwambia, "Athieno, achana na hivyo vidonge. Vinakumaliza. Kwani mimi nilimeza nini? Ni mafuta tu nilibadilisha. Kula ninavyokula, utaona."

"Sista alisema nisiache," akasema.

"Sista anakuona mara moja kwa miezi. Mimi nakuona kila siku."

Akanitazama. Akaviweka vile vidonge kwenye kikopo cha chumvi kisicho na chumvi, juu ya rafu, na hakuvigusa tena.

Wiki za kwanza alikuwa anang'aa. Tumbo limetulia, anakula, anacheka. Nikawaambia watu wote pale kibandani, "Si mnaona?" Sikujua kwamba dawa ile haiishi mwilini siku unapoiacha, kwamba zile wiki nzuri zilikuwa bado ni za vidonge. Kisha asubuhi zikaanza kuwa ndefu. Kikombe cha kwanza cha chai, cha pili. Akaanza kusukuma chapati kwa kigasha badala ya kiganja. Siku moja bakuli la unga lilimponyoka, na yeye hakuinama kuliokota, alisimama tu akitazama mikono yake. Mnajua nilisema nini? Nilisema mwili unatoa sumu, avumilie, ni dalili kwamba mafuta mabaya yanatoka. Sijui niliyatoa wapi maneno hayo. Yalikuja yenyewe mdomoni, na yalisikika vizuri.

Mwisho akasema anakwenda Sop Sop kupumzika. Hakurudi wiki hiyo wala iliyofuata. Nilituma salamu, nikajibiwa kwamba yupo, anaendelea. Kibandani nilinunua chapati kwa jirani, maana za kwangu hazikuwa za kuuzia mtu.

Mavuno yakapita. Nilikwenda Tororo kwa sista Apolot kuonyesha magoti yangu, nikifikiri nitasifiwa. Alinisifu kweli. Kisha akafungua daftari akauliza, "Yule mwenzako yuko wapi? Hajaja kupimwa, hajachukua dawa, simu haishiki."

Nikamweleza. Nilimweleza nikitabasamu! Nilisema tumeacha dawa, tunatumia mafuta mazuri na omena, ila amechoka kidogo.

Sista aliweka kalamu chini. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia kelele. Alisema, "Mama, sikiliza. Magoti yako yalichakaa kwa kazi na uzito. Umepunguza mzigo, yamekushukuru. Athieno ana ugonjwa mwingine. Mwili wake mwenyewe unashambulia viungo vyake, na usipozuiwa unavila mpaka mfupa. Watu wanaita yote baridi yabisi, lakini ni vitu viwili."

"Na omena?"

"Omena ni chakula kizuri. Anaweza kumsaidia kidogo akila pamoja na dawa. Nimesema pamoja. Sikusema badala yake." Akafunga daftari, akasema, "Kile kichefuchefu kina njia za kukipunguza. Angerudi tu angeambiwa."

Sikumbuki nilivyotoka pale. Nakumbuka nilikuwa na chupa ya mafuta ya simsim kwenye kikapu, zawadi niliyomletea sista, na nilirudi nayo kwa sababu niliona aibu kumpa.

Kesho yake nilipanda boda mpaka Sop Sop. Nilimkuta Athieno ameketi kwenye mkeka ukutani mwa jiko lake, mahindi yako mbele yake hayajapukuchuliwa. Blauzi ilikuwa na vifungo, lakini hakuvifunga, ameifunga kwa leso. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kulala upande mmoja, vyote, kuelekea kidole kidogo, na maungio yamesimama kama vitunguu. Vidole vile vya chapati. Nilipiga magoti bila kutaka, na magoti yangu hayakuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Magoti yangu yalikuwa mazima.

"Mama Wandera," akasema. "Mimi nilijua wewe nakuja."

Nikamwambia yote. Sikumzungusha. Nilisema nilikudanganya, sikujua kama nadanganya, lakini nilikudanganya, na kwa kiburi changu mikono yako imefika hapa. Nikasema sista ana dawa, ana njia ya kichefuchefu, twende kesho, nami nitabaki na wewe huko mpaka wanifukuze. Nikasema nipige ukitaka.

Akatazama mikono yake akacheka kidogo. "Na hii nakupiga namna gani?"

Mimi sikuweza kucheka. Nikamuuliza, "Athieno, kwa nini ulinisikiliza? Sista alikwambia usiache."

Aliyasogeza mahindi kando kwa kigasha. Kisha akasema, "Sista alisema maneno kwa karatasi. Wewe ulisema kwa mdomo ya rafiki. Sasa mimi niamini nani?"

Wanangu, nimechomwa na mafuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hakuna kilichoniunguza kama maneno hayo. Na hakuyasema kwa hasira. Alikuwa ananijibu tu.

Tulikwenda Tororo. Sista Apolot alimpokea bila neno la lawama, akabadilisha namna ya kumeza, akaongeza kidonge kingine cha kutuliza tumbo, na safari hii nilikaa ndani, sikwenda kutafuta ndizi. Polepole uvimbe ulishuka. Asubuhi zake zikawa fupi tena. Maumivu yakapungua akaweza kulala na kubeba mjukuu. Lakini vidole vilivyopinda vilibaki vimepinda. Sista alisema wazi: tutazuia visiendelee, vilivyokwisha kuharibika havirudi. Athieno aliitikia kwa kichwa akasema asante.

Kwa hiyo mkinikuta pale kibandani kwa Wandera nikizungumza na mteja anayechechemea, sikilizeni ninavyosema siku hizi. Nasema nenda kwanza ukapimwe, ujue ni ugonjwa gani, kisha rudi tuongee mafuta. Wengine wanakasirika. Wanataka Daktari wa Karai wa zamani, yule aliyekuwa na jibu kabla swali halijaisha. Na nyinyi, karai hilo msilirithishe mafuta mama. Hao madereva wanakula kwenu kila safari, na wana mioyo na mishipa kama watu wengine. Tumieni mafuta ya maji, yachujeni, msiyaache yatoe moshi kama mlivyofanya leo nikiwatazama. Lakini asije mtu akaniambia mafuta yenu yanaponya. Nikisikia hivyo nitarudi kazini.

Siku hizi kila Alhamisi nakwenda Sop Sop. Nabeba omena na nyanya, na mafuta ya simsim. Nikifika, kazi yangu ya kwanza ni vifuniko. Chupa ya mafuta, kikopo cha vidonge, chombo cha sukari, vyote navifungua na kuvirudisha juu bila kukaza, ili wiki nzima avisukume kwa ukingo wa kiganja. Tunahesabu pamoja kuona kama amemeza vidonge vya wiki. Kisha ananiambia, "Chapati."

Ndiyo, mimi ndiye ninayesukuma. Yeye anaketi kando ya kibao na kunifundisha kwa mdomo, yeye ambaye miaka yote hakuwa na maneno. "Si nguvu. Wewe napigana na unga. Zungusha. Zungusha tena. Banange, hiyo ni kitu gani, mamba?" Tumekula mamba wengi. Tumekula ramani za nchi zote. Wajukuu wake wanakuja mlangoni kutazama umbo la leo kabla halijaingia karaini, na wanakisia.

Alhamisi iliyopita moja ilitoka duara. Sijui ilikuwaje. Nilikuwa namsikiliza tu, mkono unakwenda, nikatazama chini nikaiona. Kifimbo kikanitoka. Nilianza kulia palepale juu ya kibao, kwa sababu miaka yote ile sikuhitaji kujua, yeye alikuwepo, mikono yake ilikuwepo, na sasa nimejua.

Athieno aliinama karibu. Akapitisha ncha ya kidole chake kilichopinda kwenye ukingo wa ile chapati, polepole, akaizunguka yote mpaka aliporudi alipoanzia, akitafuta kona. Hakupata. Nikafuta macho kwa leso nikangoja anisifu.

"Mkono imejifunza," akasema. "Sasa imebaki mdomo."